Odessey and Oracle ya The Zombies: ilidodaje, na kwa nini watu hawaiachi

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nalifupisha: "Mzee shikamoo. Nilikuwa naangalia muvi ya vita vya Vietnam na mjomba wangu, ukapigwa wimbo mmoja wa zamani nikaganda, kumbe ni Time of the Season ya The Zombies. Nikaitafuta albamu yenyewe, Odessey and Oracle ya 1968. Sasa nasoma watu wanaisifu kama dhahabu, alafu hapohapo nasoma kwamba ilipotoka haikuuza. Washkaji wangu nimewawekea, wanacheka, wanasema hiyo sio rock ni kwaya. Naomba kujua, ni kweli ilikufa kwa sababu jina limekosewa kwenye kava? Na nikitaka sahani yake nichukue mono au stereo, maana bei zinatisha."

Marahaba mwanangu, na pole kwa kusubiri. Swali lako nimekaa nalo wiki mbili, maana kila nikitaka kuanza kuandika naishia kuiweka tena ile sahani na kazi inalala.

Nianze na aibu yangu. Hiyo Time of the Season mi niliijua mwisho kabisa. Albamu hii niliipata kwenye kaseti ya dakika sitini, nilirekodiwa na baharia mmoja rafiki wa kaka yangu, upande mmoja kajaza dansi, upande wa pili kaweka Zombies. Sasa piga hesabu mwenyewe, albamu ina nyimbo 12, jumla dakika kama 35, upande mmoja wa kaseti dakika 30. Kwa hiyo wimbo wa 11, Friends of Mine, unaanza vizuri tu, jamaa wanaimba kidogo, alafu kach! mkanda umeisha. Wimbo wa 12 haumo. Na wimbo wa 12 ndo huo uliokugandisha wewe na mjomba wako. Yaani nilikaa na ile kanda miaka, nikaipenda mpaka ikaanza kukwaruza, na sikujua kama kuna wimbo mmoja pale ambao dunia nzima inaujua. We umeingilia mlangoni, mi niliingilia dirisha la jikoni, kwa hiyo majibu yangu yatakuwa na upendeleo, nakuonya mapema.

Hawa ni vijana watano wa St Albans, mji mdogo kaskazini ya London wenye kanisa kuu la zamani sana. Rod Argent kwenye kinanda, Colin Blunstone mwimbaji, Chris White besi, Paul Atkinson gitaa, Hugh Grundy dramu. Walianza wakiwa bado wanafunzi, 1961, na mwanzoni kabisa mpango ulikuwa Rod ndo aimbe na Colin apige gitaa. Siku ya mazoezi ya kwanza, wakati wa kupumzika, Rod akakaa kwenye piano akapiga kitu, Colin akabaki mdomo wazi, na Colin naye akaimba kidogo pembeni, Rod akamsikia, basi wakabadilishana hapohapo. Kila nikiisikia sauti ya Colin nawaza, ingekuwaje siku ile wangekunywa chai tu wakaendelea.

1964 wakashinda mashindano ya bendi ya mkoa wao wakapata mkataba na kampuni ya rekodi ya Decca, na wimbo wa kwanza tu, She's Not There, ukapasuka. Marekani ulifika namba 2. Uliandikwa na Rod, kijana ambaye ndo kwanza anafikisha miaka 19. Mwaka uliofuata Tell Her No nao ukaingia kumi bora ya Marekani. Baada ya hapo, kimya. Single baada ya single, yaani wimbo unaouzwa peke yake kwenye sahani ndogo, hakuna kitu. Nyingine zilikuwa nzuri kabisa, lakini Decca walikuwa wanawaletea prodyuza anayetaka She's Not There nyingine, na nyingine, na nyingine. Vijana walikuwa wanatoka studio wanaambiwa nendeni mtasikia tukimaliza kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, wakiisikia sio ile waliyopiga. Kumbuka hilo la kumiksi, litarudi.

1967 wakahamia kampuni nyingine, CBS, na sharti moja, Rod na Chris wasimamie wenyewe kurekodi. Wakapewa pauni elfu moja. Kwa albamu nzima! Hata kwa wakati ule hiyo ni hela ya kubana. Mwezi wa sita wakaingia EMI Studios pale barabara ya Abbey Road, na hapa kuna bahati mbili. Kwanza zile studio zilikuwa za wasanii wa EMI wenyewe, kwa watu wa kampuni nyingine kuingia mle ilikuwa sio kawaida. Pili, Beatles ndo walikuwa wametoka kumaliza albamu yao ya Sgt. Pepper mlemle, na fundi mitambo aliyeirekodi ile, Geoff Emerick, ndo huyohuyo akakaa na Zombies, yeye na mwenzake Peter Vince. Mikono bado ina joto la kazi ile.

Na kuna kitu kiliachwa studio, kinaitwa mellotron. Rod mwenyewe husimulia kwamba ilikuwa ya John Lennon, ipo imekaa tu pale, akaona hakuna wa kumuuliza akaitumia. Hii ngoja nikueleze maana ndo nusu ya sauti ya albamu. Mellotron ukiiona ni kinanda, lakini ndani hakina nyaya wala filimbi za upepo, kina mikanda. Kila kitufe kina kipande chake cha mkanda wa sumaku, na kwenye huo mkanda wamerekodi mtu anapiga noti moja tu, violini labda, au filimbi. Ukibonyeza, mkanda unakokotwa kupita kwenye kichwa cha kusomea, sauti inatoka. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Kila mkanda una sekunde kama nane hivi basi, ukiendelea kubonyeza zaidi ya hapo unapata kimya. Kwa hiyo mpigaji lazima awe anaachia na kushika tena kama mtu anayevuta pumzi, na mikanda nayo haikwendi sawasawa, inayumba kidogo. Ndo maana zile violini za Hung Up on a Dream zinasikika kama zinatokea chumba cha pili mlango umerudishwa. Orkesta ya kweli isingekupa kitu kile, na wao hela ya orkesta hawakuwa nayo, ila kwangu mi shida yao ikageuka kuwa sauti yao.

Shida ya hela ilifanya na jambo lingine. Saa za studio ni pesa, kwa hiyo walifanya mazoezi nje mpaka kila mtu anajua anaanzia wapi anaishia wapi, wakiingia ndani ni kupiga tu. Mashine zilikuwa za traki nne, yaani njia nne tu za kurekodia sauti. Traki nne, mwanangu! Leo simu yako inakupa zaidi ya hizo. Kwa hiyo unarekodi bendi, unakusanya, unahamisha ili upate nafasi, unaongeza sauti za kuitikia, na kila ukihamisha huwezi kurudi nyuma kurekebisha. Watu wanaisifia hii albamu kwamba ina ndoto na maua ya 1967, sikatai, lakini mi ninachosikia ni nidhamu. Hakuna wimbo unaozurura, mwingi ni dakika mbili na nusu au tatu, umeingia, umesema, umetoka. Wenzao wengi mwaka ule walipata traki na muda wakajaza kila kitu hadi sitari, lile gitaa la Kihindi, zisizo na kazi.

Sasa kwaya. Washkaji zako wasikuudhi, wamegusa ukweli bila kujua, Rod aliimba kwaya ya watoto kwenye lile kanisa kuu la St Albans. Zile sauti zinavyopandana, Rod, Colin na Chris, hiyo ni elimu ya kanisani imechanganywa na Beach Boys wa Marekani, maana walikuwa wameisikia albamu ya hao jamaa, Pet Sounds, ikawachanganya akili. Ila wakikwambia sio rock waambie wasikilize dramu na besi peke yake. Hugh Grundy anapiga kwa nguvu kabisa, na besi ya Chris haikai chini kushikilia tu, inatembea, inaimba wimbo wake. Kosa lao ni kwamba wamezoea rock ni gitaa linalopiga kelele. Hapa gitaa limekaa pembeni kwa adabu na kinanda ndo kimeshika usukani. Kwa watu waliokulia kwenye sebene naelewa kwa nini wanalitafuta gitaa na kulikosa.

Tuje kwenye nyimbo zenyewe, na sitazipitia zote, nakupitisha kwa zile zilizonifunga.

Ya kwanza, Care of Cell 44. Ukiisikia bila kufuata maneno ni wimbo wa furaha, piano inarukaruka, jua limetoka, mtu anamwandikia mpenzi wake barua kwamba anamsubiri nyumbani, chumba kimeandaliwa. Alafu unagundua anwani ya barua ni selo ya jela. Mpenzi yuko gerezani na anakaribia kutoka. Mi nilikaa miezi na wimbo ule najua ni wa mtu aliyesafiri, Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, siku nilipoelewa nilirudisha kanda nyuma mara tatu. Na katikati vyombo vyote vinanyamaza zinabaki sauti tu zinapandana, alafu bendi inarudi kwa kishindo. Wimbo huu ulitolewa single Uingereza mwezi wa 11 mwaka 1967 na hakuna aliyeununua. Kabla yake walitoa Friends of Mine, nao hivohivo.

A Rose for Emily inafuata, jina wamelitoa kwenye hadithi ya William Faulkner, mwanamke anayezeeka peke yake huku wengine wanapendwa. Piano na sauti tu, basi. Nimeshawahi kusikiliza watu wanabishana wimbo gani wa miaka ile ni wa huzuni kuliko yote, mi hutaja huu na sibishani zaidi.

Beechwood Park ni ya Chris. Baba yake alikuwa na duka kijijini, Chris alikuwa anapeleka vitu vya wateja, na Beechwood Park ni mahali pa kweli alipokuwa anapita akiwa kwenye kazi hiyo. Wimbo ni kumbukumbu ya mvua ya kiangazi na barabara ya kijijini inayotoa mvuke, na ile oganu inatetemeka kama hewa ya joto juu ya lami. Wewe uko Tanga, unajua harufu ya barabara mvua ikikatika jua likatoka. Sikiliza wimbo ule muda huo.

Alafu kuna Butcher's Tale. Huu wengi wanauruka, mi nakukataza. Ni mchinjaji wa duka la nyama anasimulia yuko kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Colin haimbi, anaimba Chris mwenyewe kwa sauti ile ya mtu asiyekuwa mwimbaji, inatetemeka, na chini yake hakuna dramu wala gitaa, ni kinanda cha kukanyaga kwa miguu kile cha makanisa madogo, kinapumua kama mgonjwa. Mwanzoni kuna makelele ya ajabu, ni santuri nyingine imegeuzwa nyumanyuma na kuharakishwa. Ukoo wa Chris ulipoteza mtu kwenye vita ile. Sisi wakereketwa tunajua na kosa lake, jina kamili limeandikwa Western Front 1914 lakini mahali anapopataja, Gommecourt, Thiepval, Mametz Wood, Verdun, mapigano yake yalikuwa 1916. Ona, albamu ina makosa mawili makubwa ya maandishi na hakuna lililoidhuru.

Hapo ndo tumefika kwenye swali lako. Kava lilichorwa na Terry Quirk, msanii aliyekuwa anaishi nyumba moja na Chris. Akachora rangi zote zile, maua, herufi zinazopinda, akaandika Odessey badala ya Odyssey. Walipogundua muda ulikuwa umepita na hela hakuna, Rod akawaambia watu ni makusudi, ni mchezo wa maneno, kuna neno "ode" ndani yake, yaani utenzi. Miaka mingi baadaye ndo wakakubali hadharani kwamba ni kukosea tu. Kwa hiyo hapana mwanangu, jina halikuiua. Hakuna mtu aliyesimama dukani 1968 akarudisha sahani kwa sababu ya herufi.

Iliuliwa na jambo dogo tu. Ilipotoka, bendi haikuwepo.

Rudi nyuma kidogo. Katika wale watano, wawili ndo watunzi, Rod na Chris, na mtunzi analipwa kila wimbo ukipigwa redioni. Watatu waliobaki wanategemea hela ya jukwaani, na hela ya jukwaani ilikuwa ya kusikitisha. Mwaka huohuo 1967 walikwenda Ufilipino wakakuta wao ni mastaa wakubwa bila habari, wakapiga ukumbi wa Araneta pale Manila maelfu ya watu wamejaa, na wakarudi nyumbani na vijisenti. Paul Atkinson alikuwa ndo ameoa. Colin hana kitu. Single mbili zimedoda. Mwezi wa 12 wakakaa, wakakubaliana, wakaachana, bila ugomvi wa kusema ugomvi. Albamu ilikuwa imeshakamilika lakini haijatoka.

Na hata hapo kuna kisa. CBS wakasema tunataka na stereo, yaani sauti zigawanywe kwa spika mbili, maana ilikuwa imemiksiwa mono tu, sauti zote njia moja. Pauni elfu imeshakatika. Rod na Chris wakatoa pauni 200 mifukoni mwao wakaenda kumiksi stereo ya albamu ya bendi inayokufa. Ndo maana nilikwambia ukumbuke zile siku za Decca, hawa watu walikuwa wanataka mara moja maishani kitu kitoke jinsi walivyokisikia kichwani.

Ikatoka Aprili 1968. Sasa fikiria, wakati ule rekodi inauzwa na bendi kwa miguu yake, unapiga kumbi, unaenda redio, unaenda televisheni. Hapa hakuna wa kwenda. Colin ameshaenda kufanya kazi ofisi ya bima! Sauti ile, iko kwenye simu inazungumzia madai. Time of the Season nayo ikatolewa single Uingereza mwezi huohuo, ikalala. Na mpaka leo haijawahi kuwa hiti kwao Uingereza, hilo huwa linanichekesha na kuniuma.

Marekani ingekuwa vilevile kama sio Al Kooper. Huyu alikuwa mwanamuziki, ndo yule wa oganu kwenye Like a Rolling Stone ya Bob Dylan, na wakati ule alikuwa ameajiriwa Columbia, ndo CBS ya Marekani, kutafuta vipaji. Alikwenda London akarudi na rundo la sahani, akasikiliza moja baada ya nyingine, alipofika kwa hii akaenda moja kwa moja kwa bosi Clive Davis kumwambia lazima tuitoe. Wakaitoa chini ya lebo ndogo, Date. Na single ya kwanza waliyochagua unaijua? Butcher's Tale! Mchinjaji na kinanda cha kanisani. Labda walifikiri kwa vile kuna Vietnam watu watauelewa, lakini redio gani ingepiga kitu kile saa ya mchana. Ikafa. Baadaye ndo wakatoa Time of the Season, na hata yenyewe ilijivuta miezi, redio moja ikaanza, nyingine ikaiga, mwanzoni mwa 1969 ikafika namba 3 nchi nzima. Bendi imeshakufa zaidi ya mwaka.

Wimbo wenyewe nisiuonee wivu, ni mzuri. Ile besi, mguno, kofi, pumzi, watu wengi wanaujua kwa zile pumzi kabla ya neno la kwanza. Siku ya kuurekodi Colin na Rod walikorofishana, muda wa studio unakwisha, Rod anamsahihisha kutoka chumba cha mitambo noti kwa noti mpaka Colin akamwambia kama unaujua sana njoo uimbe mwenyewe. Na maneno yenyewe ni ya upendo mtupu. Lakini mi bado nasema ndo wimbo usiofanana na wenzake kwenye albamu. Ukiupenda huo ukategemea mengine kumi na moja kama hayo utapotea njia.

Hiti ikiwa juu na bendi haipo, unajua kilichofuata, wakajitokeza Zombies feki. Kampuni moja ya Michigan ikakusanya vijana wa Texas ikawazungusha kumbi za Marekani kwa jina lile. Vijana wanne, magitaa, besi, dramu, hakuna kinanda. The Zombies bila kinanda, wee! Na wawili kati yao, Dusty Hill na Frank Beard, ndo hao baadaye wakaja kuwa kwenye bendi maarufu ya ZZ Top. Wenyewe halisi walipewa ofa za hela kurudiana, wakakataa, Rod na Chris walikuwa tayari wanajenga bendi mpya, Argent, iliyokuja kuvuma 1972 na Hold Your Head Up. Colin naye akatoka bima, kwanza akajificha kwa jina la Neil MacArthur, alafu 1971 akatoa One Year, ambayo ukimaliza hii uitafute, Rod na Chris wamemsaidia humo.

Odessey sasa ikabaki mikononi mwa watu. Hii ndo sehemu ninayoipenda. Haikuwa na kampuni inayoisukuma, ilikuwa inapita kama kitabu cha kuazimana, mtu anampa mtu, baharia anamrekodia mdogo wa rafiki yake. Wanamuziki wakaanza kuitaja, Paul Weller kwa mfano hajawahi kuacha kusema ni kati ya albamu zake za maisha. 1987 kampuni ya Rhino wakaitoa upya Marekani, 1997 likatoka sanduku la CD nne, Zombie Heaven, lenye kila kitu walichorekodi. 2003 jarida la Rolling Stone likaipanga ndani ya mia moja za kwanza kwenye orodha yao ya albamu 500. Na 2008, miaka 40 tangu itoke, wale wanne waliobaki, maana Paul Atkinson alifariki 2004, wakapanda jukwaa la Shepherd's Bush Empire London wakaipiga yote kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mara ya kwanza! Bendi ilikufa kabla haijapata nafasi ya kuipiga nzima mbele ya watu. Chris na Hugh walikuwa na muda mrefu hawajashika jukwaa kubwa, na Colin akiwa na zaidi ya miaka sitini akaimba kwa funguo zilezile za ujana. Tafuta rekodi ya usiku ule. 2019 wakaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki kule Marekani, na 2024 Rod akapata kiharusi akastaafu safari za jukwaani.

Mono au stereo basi. Ukisikiliza kwa hedifoni au spika mbili nzuri, stereo inakufungulia zile sauti za kuitikia, unasikia nani yuko wapi, na ukikumbuka imelipwa kwa hela ya mfukoni unaisikiliza kwa heshima. Ila mono ina nguvu, dramu na besi vinakugonga pamoja. Kuna wimbo mmoja unaoamua ugomvi, This Will Be Our Year. Tarumbeta za mle ziliongezwa moja kwa moja wakati wa kumiksi mono, hazikuwekwa kwenye traki yake peke yake. Kwa hiyo walipotaka stereo hazikuwa na pa kutokea, wakachukua ileile mono wakaipanua kwa ujanja wa mitambo, na kwenye stereo za zamani inasikika nyembamba, imepauka. Na ule ni wimbo wa harusi mwanangu, dakika mbili tu, watu wanaoana nao dunia nzima, hautakiwi kupauka. Kama ni sahani moja tu unanunua, chukua mono. Kama unasikiliza kwenye simu tafuta toleo lenye zote mbili, yapo.

Hizo bei zinazokutisha ni za chapa ya kwanza ya Uingereza ya 1968, ni ghali kwa sababu zilezile tulizosema, haikuuza kwa hiyo ziko chache. Achana nazo, hizo za wakusanyaji. Chapa mpya zipo na zinasikika vizuri tu. Hela inayobaki nunua sindano mpya ya mashine yako, nimeona vijana wengi wananunua sahani ya bei mbaya wanaichania na sindano iliyochoka. Na kwa Tanga, isimamishe wima kama kitabu, mbali na dirisha, usiilaze na kuipandishia nyingine juu, joto letu linapinda sahani mchana mmoja.

Ukianza, usianzie wimbo wa 12 unaoujua. Weka wa kwanza, ule wa selo, uache uende. Mimi nilipopata sahani kamili mwishowe, ndo nikajua Friends of Mine inaishaje, ni orodha ya majina ya wachumba na wanandoa, marafiki wa kweli wa bendi, wanatajwa mmojammoja kwenye kuitikia, na Jim na Jean wa mle ni Jim Rodford, binamu yake Rod, aliyekuja kuwapigia besi waliporudi uzeeni. Mpaka leo ikianza, zikipita sekunde arobaini na kitu, sikio langu bado linasubiri mkanda ukatike.